Mwaka Mama Alipoanza Kusindikiza Wageni

Mguu wa mama ulianza kuvimba wiki ile ile hogo lilipotolewa, na sisi sote tukafurahi. Kwa majuma mengi alikuwa amefungwa ile plasta nyeupe kutoka vidoleni hadi chini ya goti, na ilipopasuliwa mguu ulitoka umekonda, umekauka, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Basi siku chache baadaye shavu la mguu lilipoanza kujaa, jirani yangu alipiga makofi. "Nyama inarudi!" akasema. Mama akacheka, akauinua mguu kidogo ili watu wauone vizuri. Mimi nikaenda sokoni kununua kuku.

Ndivyo tulivyousherehekea ugonjwa uliokuwa unataka kumuua. Tulimla kuku yule kwa ugali wa muhogo, tena kwa furaha kubwa, na kipaja kikubwa akapewa mgonjwa.

Alikuwa ameteleza kwenye shamba la maharage, nyumbani kwetu upande wa Kibondo, wakati wa mvua, akavunjika kifundo cha mguu. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi pale nyumbani, alimleta kwangu Kasulu kwa sababu mbili. Ya kwanza aliisema: nyumba yangu iko karibu na hospitali. Ya pili hakuisema, lakini kila binti mkubwa wa kwetu anaijua bila kuambiwa. Nina duka la vitambaa na cherehani mbili karibu na soko, sina mume wa kumwomba ruhusa, na nina kiti kimoja kizuri cha mbao chenye mito, kilicho dirishani. Mama akakaa pale, mguu juu ya kigoda, na watu wakaanza kuja.

Mtu asiyeijua Uha, nchi yetu sisi Waha, atadhani natia chumvi. Kwetu salamu si neno la kupita. Mgeni anaingia, anainama, anapiga makofi taratibu, "Mwakeye", na kutoka hapo anauliza habari za nyumbani, za watoto, za wajukuu, za mvua, za mahindi, za waliokufa tangu mlipoonana mara ya mwisho, na anayesalimiwa anajibu moja baada ya jingine, kisha naye anauliza yote yale yale. Mama alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alikuwa mke mkubwa wa baba, na mke mkubwa ndiye anayepokea. Nilipokuwa mtoto nilimwona akipokea wageni mpaka kivuli cha nyumba kikahama upande, mgongo umenyooka, khanga imetulia, hajatikisika. Tulijivunia. Tulisema mama yetu anajua kukaa.

Kasulu imejaa watu wa Kibondo, na wote wakasikia. Walikuja na ndizi, na maharage, na mawese kwenye chupa za maji. Jirani yangu wa duka la pili, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, alileta uji wa pilipili manga kila asubuhi na kusimama mlangoni kuhakikisha umekwisha. Na kila mama alipotaka kuinuka, hata kwenda kuchungulia mvua tu, watu kumi walipaza sauti: "Usiinuke, mama! Usiinuke!" Kikombe alishikiwa. Khanga aliokotewa. Nadhani kama kungekuwa na namna ya kumpumulia wangempumulia. Ilikuwa heshima tupu, na mama akaipokea kama alivyopokea kila kitu, akiwa amekaa.

Mguu ulipofika mahali ambapo hata sisi tuliona kwamba nyama hairudi namna hiyo, aliitwa shangazi kutoka Kitanga. Shangazi huyu alikuwa dada wa baba, mwanamke mwenye mikono mipana na maneno machache, anayejulikana kwa kukanda. Amekanda wazazi, amekanda walioanguka kutoka mitini, amekanda hata padri mmoja. Alipasha mawese kwenye sufuria mpaka nyumba nzima ikanukia, akapiga goti mbele ya mama, akaanza. Alishuka na kupanda, alishuka na kupanda, vidole gumba vikizama kwenye shavu la mguu, na mama akauma khanga.

"Inauma sana," mama akasema.

"Ego," shangazi akaitikia. "Ikiuma ndiyo inatoka."

"Inatoka nini?" nikauliza mimi.

"Baridi," akasema shangazi, bila kunitazama, kama mtu anayemjibu mtoto.

Kesho yake mguu ulikuwa mwekundu, wa moto, ngozi inang'aa. Niliubonyeza kwa kidole, na shimo likabaki pale likinitazama. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Nilifoka. Nilisema maneno kuhusu mawese ambayo hayamfai mtu wa Kigoma. Nikaita bajaji, nikampakia mama, na shangazi naye akapanda ili kutetea kazi yake.

Hospitali walimpiga picha ya mguu kwa kile kifaa wanachowapima nacho wajawazito, wakapaka ute wa baridi, wakasukuma huku na huku. Daktari alikuwa binti mdogo wa mkoa mwingine, macho yana usingizi, sauti ya chini. Alitutoa sisi na mama mpaka kwenye benchi la korido, akachuchumaa ili alingane nasi.

"Mmemkanda?" akauliza.

Shangazi aliangalia dari.

"Damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Mguu nitautibu. Ninachokiogopa ni kipande cha hiyo damu kukatika na kupanda mpaka kwenye mapafu. Kikifika huko, mtu anaweza kufa ghafla, hata kabla hamjamfikisha hapa. Msimkande tena. Na asikae. Amekaa mno."

Nikauliza kama akipona mguu mambo yatakuwa yamekwisha. Nilitaka aseme ndiyo. Angesema ndiyo ningemshonea gauni bure. Akafikiri kwanza. Akasema kwa mtu wa umri wa mama, mguu kunywea si mwisho wa habari. Miezi ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi, na hata baada ya hapo, mzee aliyewahi kugandisha damu yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko mzee mwenzake ambaye hakuwahi. Tuangalie pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma, akikohoa damu, moyo ukienda mbio. Atachomwa sindano tumboni, kisha vidonge vya kuzuia damu kuganda, asiruke hata kimoja. Akianguka na kugonga kichwa tumlete mbio, maana vidonge hivyo vinafanya damu isikauke upesi. "Na atembee," akarudia. "Kila siku. Asikae muda mrefu."

Mama alikuwa pale pale kwenye benchi, uso umetulia, akimtazama daktari kama anavyotazama redio. Kiswahili alikitumia sokoni kuuza maharage, lakini mbele ya watu wa ofisi alikuwa na kawaida ya kukisahau. Akanigeukia kwa Kiha: anasemaje? Nikamwambia daktari anasema mguu utapona na anatakiwa atembee.

"Basi?"

"Basi."

"Maneno yote yale ni hayo tu? Hawa watu wanapenda kuongea," akasema mama, akainuka kwa fimbo yake.

Sindano zikaisha, vidonge vikaanza. Nilimrudisha nyumbani nikaondoa kile kiti dirishani. Nilikifungia stoo. Wageni walipokuja niliwapokea mlangoni, nikawaambia mgonjwa anatembea, anayetaka kumsalimia amfuate nyuma ya nyumba. Ikatangazwa Kasulu nzima kwamba mimi nafukuza wageni wa mama yangu. Mama wa duka la pili alinitetea kidogo, kisha akachoka, akaungana nao. Mimi sikujali. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na hofu yangu huwa inatoka kama ukali. Nilikuwa nasikiliza pumzi yake hata akiwa anakunywa chai. Akikohoa kwa sababu ya moshi, naacha mkasi kwenye kitambaa cha mteja nakimbia.

Lakini asubuhi zile nazikumbuka kwa raha, na hii ndiyo ajabu yake. Kasulu asubuhi ina ukungu unaokaa chini, milima inabaki juu yake kama imewekwa kwenye maziwa. Tulikuwa tunatoka yeye na mimi kabla sijafungua duka, tunazunguka nyuma ya nyumba, tunapanda njia ya migomba mpaka kwenye mikaratusi ya shule, tunarudi. Mwanzoni alinuna. Kutembea bila kwenda mahali ilikuwa aibu kwake, mambo ya wehu. Akaomba walau abebe ndoo tupu, ili wanaotuona wadhani anakwenda kisimani. Nikamruhusu. Basi mama yangu alizunguka Kasulu na ndoo tupu, akisalimia watu kwa heshima zote, na mpaka leo wapo wanaoamini kwamba nilimtesa kwa kumchotesha maji akiwa mgonjwa.

Mguu ulianza kunywea. Viatu vikaingia. Na hapo ndipo simu ilipokuja kutoka nyumbani: mama mdogo amefariki.

Mama mdogo alikuwa mke wa pili wa baba. Ndiye aliyemzaa mdogo wangu, ingawa kwetu jambo hilo halitajwi, ndugu ni ndugu. Alikuwa na homa kwa siku chache, wakadhani malaria, akapimwa, akapewa dawa, akafa. Nilimwambia mama akiwa amesimama na ndoo yake mkononi. Hakulia. Aliiweka ndoo chini vizuri, akaitazama kama anataka kuhakikisha haitaanguka, akasema, "Twende."

Lazima nieleze hawa wawili walivyoishi. Nyumba zao zilitazamana kwenye uwanja mmoja, na baba alipokufa waliendelea hivyo hivyo. Sitasema walipendana tangu mwanzo. Nilikuwepo, niliona vyungu vilivyopasuka. Lakini walikuwa wamegawana kazi, na mgawanyo huo ulidumu kuliko mume. Mama alipokea wageni. Mama mdogo aliwasindikiza. Mgeni akiaga kwa mama, mama habanduki, ananyoosha mkono tu, na mama mdogo anatoka upande wa jikoni tayari amejifunga khanga, anamtwisha mgeni kapu au analibeba mwenyewe kichwani, wanaondoka pamoja mpaka njia panda, wakati mwingine mpaka barabara kubwa. Alichelewa sana kurudi. Na alirudi na siri. Mambo mazito ya kwetu watu hawayasemi ndani ya nyumba. Ndani ni salamu. Ya moyoni mgeni huyasema njiani, akiwa anatazama mbele. Mama mdogo alijua nani ana mimba, nani anauza shamba, mtoto wa nani amepotelea Dar. Alikuwa na rafiki yake Mrundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, aliyekuwa akija kubadilishana sabuni na maharage, na kambi ilipofungwa ni yeye pekee aliyejua yule mama amerudi kwao kwa hiari au kwa machozi. Mama alikuwa anamvizia mlangoni. "Kasemaje?" Na mama mdogo, mjanja yule, alimpa nusu.

Nilimpigia daktari. Akasema safari anaweza, mradi tusimame njiani atembee, na msibani asikae siku nzima. Nikasema sawa, huku najua ninaahidi kitu nisichokuwa na uwezo nacho. Kwetu mfiwa hainuki. Anawekewa mkeka, analetewa kila kitu, na kadiri anavyokaa bila kutikisika ndivyo marehemu anavyoheshimiwa. Na mfiwa mkuu wa mke mwenza ni mke mwenza.

Tulikodi gari dogo. Tulisimama mara kadhaa kwenye lami mpya, mama akatembea kandokando ya barabara na fimbo yake, na kila pikipiki iliyopita ilipunguza mwendo kutuuliza kama gari limeharibika. Dereva alikasirika. Kwenye daraja la Malagarasi mama alisimama akatazama maji. Akasema walipokuwa vijana walivuka hapa wakiwa na mizigo ya maharage kichwani, yeye na mukeba wake, yule mke mwenza, wakicheka kwa sababu ya jambo fulani.

"Jambo gani?"

"Nimesahau," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa analikumbuka."

Nyumbani tulipokelewa kwa vilio. Wanawake walimchukua mama kutoka mikononi mwangu, wakamkalisha kwenye mkeka ndani ya nyumba ya mama mdogo, mgongo ukutani, miguu mbele. Tulizika siku ile. Alisimama kaburini, akarudi, akakaa. Kisha nikaanza vita vyangu. Nilikwenda nikamwinamia: Mama, inuka kidogo. Akatikisa kichwa. Nikarudi tena. Mara ya tatu nikamshika mkono nikamvuta, akainuka kwa aibu, nikamzungusha nyuma ya nyumba, na wanawake wakaacha kuimba ili watutazame.

"Mtoto wa mjini," mmoja akasema, kwa sauti ya kunifikia. "Anamtembeza mama yake kama ng'ombe wa mnada."

Mama alisimama pale pale. "Umesikia?" akaniambia. "Nimeishi na mwanamke huyu tangu sina mvi. Unataka nimlilie nikiwa mbio? Niache, mwana wanje."

Akarudi kwenye mkeka. Nikaenda kwa mdogo wangu, nikamweleza yale ya daktari, yote, ya mapafu na ya kufa ghafla. Alikuwa amefiwa na mama yake mzazi, macho yamevimba, na mimi namletea habari za mwingine. Akasema, "Dada, siwezi kumwambia asimlilie mama yangu." Jioni niliutazama mguu wa mama wakati wa kumpa kidonge, na soksi ilikuwa imeacha mstari uliozama. Nilitaka kupiga mayowe. Nilikuwa nimefika mahali pa kuchukia msiba wenyewe, mikeka, nyimbo, wale wanawake, hata marehemu kwa kufa wakati ule. Nilijua mama atakufa pale pale ukutani, watu wakimsifu kwa anavyojua kukaa.

Kesho yake asubuhi, mzee mmoja wa kike wa upande wa Kakonko, aliyekuja kumlilia mama mdogo, aliaga. Alipiga magoti mbele ya mama, wakashikana mikono, akatoka. Kwetu msibani watu hawasindikizwi, mtu hujiondokea tu. Lakini mzee yule alikuwa mgeni wa miaka mingi wa nyumba ile, na mwili una mazoea yake. Alifika ukingoni mwa uwanja na kapu lake, akasimama, akageuka nyuma kuelekea jikoni. Alikuwa anamsubiri mama mdogo. Alikaa hivyo kidogo, kisha nadhani akakumbuka, akajifunika uso kwa khanga.

Mama alimwona kupitia mlangoni. Alitafuta fimbo yake kwenye mkeka bila kuangalia chini, akainuka. Wanawake wawili wakamdaka. "Usiinuke, mama. Wewe ni mfiwa. Mfiwa hasindikizi."

"Aliyekuwa anasindikiza ndiye tuliyemzika jana," mama akasema. "Sasa nani atamsindikiza huyu?"

Akajifunga khanga, akavuka uwanja kwa mwendo wake wa kuchechemea, akalichukua lile kapu. Yule mzee alikataa, wakavutana kidogo kama inavyotakiwa, mama akashinda. Nikawaona wakishuka njia ya migomba, migongo miwili iliyopinda, na sauti zao zikaanza. Nililia pale kwa mara ya kwanza tangu simu ilipopigwa. Mmoja akaanza tena wimbo.

Alirudi jua limepanda, anatoka jasho, kapu halipo. Nikamkimbilia kusikiliza pumzi. "Mwana wanje," akasema, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho sikukitegemea msibani, "kumbe yule mzee mume wake wa kwanza yuko hai!" Kabla hajakaa vizuri mgeni mwingine akaaga, na mama akainuka tena. Ikawa hivyo siku zote za matanga. Alisindikiza mpaka njia panda, akarudi, akasindikiza. Mguu ukanywea bila mimi kusema neno. Wanawake waliosema mfiwa hasindikizi wakawa wanaaga mapema, wakijua watatembea naye. Aliwasikiliza wote. Nadhani kwa maisha yake yote alikuwa ameonea wivu njia ile.

Matanga yalipoanuliwa nilifunga mizigo miwili, wangu na wake. Wake akaufungua. Akasema harudi Kasulu.

Hapo tuligombana. Nilimwambia hospitali iko mbali na pale, nikataja vidonge, nikamtajia kipimo cha damu. Mdogo wangu akaahidi kumpeleka hospitali ya Kibondo kila atakapotakiwa, na mkewe akaahidi vidonge. Nikawaambia ahadi si dawa. Nilisema maneno mengi makali. Mama alinisubiri nimalize, kisha akajifunga khanga, akachukua begi langu, akaanza kutoka nalo. Alikuwa ananisindikiza. Katika umri wangu wote mama hakuwahi kunisindikiza. Nilipokwenda shule ya bweni, nilipoolewa, nilipoachika nikaondoka tena, aliyekuja nami mpaka barabarani ni mama mdogo.

Tulitembea. Maharage yalikuwa yametoa maua. Tulipopita njia panda akasema kwa Kiswahili, Kiswahili safi kabisa, "Yule daktari nilimsikia."

Nikasimama. Akaniambia nisisimame.

"Nilisikia yote. Wewe ukanipa nusu, kama mama yako mdogo. Hakusema nitakufa kwa kutembea. Alisema nitakufa ghafla. Ghafla inakuja hata kwako Kasulu, hata kama umeficha kiti. Sasa niambie wewe, unataka inikute wapi?"

Nikaendelea kutazama mbele. Nikamwambia naogopa. Sikuwahi kumwambia hivyo tangu utotoni. Akasema, "Najua. Unafoka sana." Tukafika barabarani, akanipa begi, gari likaja.

Aliishi. Miezi ile mibaya aliyoisema daktari ilipita, akaonwa hospitali, vidonge vikaendelea kwa muda kisha wakamwondolea. Nilikuwa nakwenda kumwona kila nilipoweza kufunga duka. Nikifika hanipokei tena kwa kukaa, namkuta yuko njiani na mtu. Nakaa kwenye kizingiti cha mama mdogo namngoja. Anarudi, anaanza kunihadithia kabla hajaweka fimbo, na ananipa nusu, na namwomba ile nyingine. Tulicheka sana. Nikikumbuka maisha yetu sote wawili, mama na mimi, yale ya hapo katikati, baada ya mguu, ndiyo ninayoyatamani. Kabla ya hapo alikuwa mama wa kila mtu, amekaa. Mwaka ule na kidogo alikuwa wangu, na alikuwa anatembea.

Walinipigia simu saa za asubuhi, nikiwa napima kitambaa. Alikuwa amemsindikiza mwanamke mmoja jirani aliyekuja kuomba mbegu. Waliachana njia panda. Watoto wa shule ndio waliomkuta, kwenye majani ya kando, fimbo iko juu ya mapaja yake kama mtu aliyeketi kupumzika. Hospitali walisema inaweza kuwa ile damu, kipande kimekwenda kwenye mapafu, na inaweza kuwa moyo tu wa mzee, na bila kumpasua hakuna wa kujua. Hatukumpasua.

Yule mwanamke alikuja msibani akikwepa macho yangu. Alikuwa amesikia kuhusu ukali wangu, na aliogopa nitamuuliza kwa nini alimwacha mgonjwa asindikize. Nilimfuata mpaka pale alipokuwa amekaa. Kitu nilichotaka kujua kilikuwa kimoja, nimekiuliza moyoni tangu siku ya benchi la hospitali, kila asubuhi, kila alipokohoa.

"Alikuwa anahema?" nikamuuliza. "Mlipoachana, pumzi yake ilikuwaje?"

"Hapana, dada," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nahema. Yeye alikuwa ananicheka."